Changarawe Katika Mchele

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kuletewa makala juu ya tungo za Kiswahili, na ndivyo inavyopasa. Safari hii tunawaomba radhi, kwani tumekusudia kuzungumza juu ya riwaya ya Kimarekani, tena riwaya ya farasi na bastola, ya aina ambayo aghalabu mwalimu akiikuta chini ya dawati la mwanafunzi huichukua pasipo kuuliza. Sisi nasi tungeichukua. Tuliisoma kwa sababu siku ile hapakuwa na kitabu kingine.

Tunafundisha Gasenyi, ukingoni mwa Bujumbura upande wa kaskazini, pale jiji linapoanza kupanda vilima. Kutoka mlangoni mwa darasa tuliloazimwa, siku isiyo na ukungu, Ziwa Tanganyika huonekana chini, na ng'ambo yake milima ya Kongo iliyosimama juu ya Uvira. Wanafunzi wetu ni watu wazima. Hufika Jumamosi alasiri: wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Kigoma, dereva wa lori, fundi cherahani, karani mmoja, na akina mama ambao watoto wao wamewatangulia kujifunza Kiswahili shuleni. Kiswahili cha mjini wanakijua. Wamekisikia Buyenzi na masokoni tangu zamani, kile ambacho ndani yake kila kitu iko: mtu iko, kazi iko, njaa pia iko. Wanachokuja kutafuta kwetu ni kile kingine, kinachoandikwa.

Vitabu tulivyovitumainia vilichelewa. Mmoja wetu alikuwa na nakala ya True Grit, riwaya ya Charles Portis iliyotoka mwaka 1968, jalada lake limekwisha ng'oka. Tukaafikiana hivi: yeye asome Kiingereza kimoyomoyo, aeleze kwa Kiswahili, nao wanafunzi waandike walichosikia. Tulidhani kazi hiyo ingetushikilia Jumamosi mbili. Sasa tumo katika mwezi wa tano.

Hadithi yenyewe si ndefu kuisimulia. Katika jimbo la Arkansas, miaka michache baada ya Wamarekani kupigana wenyewe kwa wenyewe, mkulima mmoja aitwaye Frank Ross anakwenda mji wa Fort Smith kununua farasi wadogo. Huko anauawa na kibarua wake mwenyewe, Tom Chaney, ambaye anachukua fedha zake na kutorokea ng'ambo ya mpaka, katika nchi iliyotengewa Wahindi Wekundu. Binti wa marehemu, Mattie, mwenye umri wa miaka 14, anaingia mjini kuuchukua mwili wa baba yake. Mwili anampa Yarnell, mtu mweusi mfanyakazi wao, aupeleke nyumbani. Yeye mwenyewe anabaki. Anamtafuta askari wa mahakama aliye mkali kupita wote, mzee mmoja mnene, mlevi, mwenye jicho moja, jina lake Rooster Cogburn, na kumwajiri amsake Chaney. Anatokea pia askari kutoka Texas, LaBoeuf, kijana wa kujisifu, ambaye anamtaka Chaney huyo huyo kwa kosa jingine. Watatu hao wanaingia porini wakati wa baridi. Risasi zinapigwa, watu wanakufa, wengine vibaya. Filamu mbili zimefanywa kutokana na kitabu hicho. Ya kwanza, ya mwaka 1969, ilimpatia John Wayne tuzo ya Oscar. Wale wetu waliokulia katika Kifaransa waliifahamu kwa jina la dola mia moja kwa ajili ya sherifu. Ya pili ni ya ndugu Coen, nayo ilitoka mwaka 2010. Tunashauri msomaji aziache filamu kwanza, asome.

Jambo lililotushtua ni kwamba darasa lilicheka. Lilicheka tangu ukurasa wa kwanza, ambao ni ukurasa wa mauaji. Anayesimulia ni Mattie mwenyewe, amekwisha kuwa bibi mzima, tajiri, mwenye benki, asiyeolewa. Anapotaja alichoporwa baba yake anaanza na uhai, anafuatisha farasi, kisha dola 150, kisha vipande viwili vya dhahabu, na mahali vilipokuwa vimefichwa katika nguo. Anataja vyote kwa sauti moja, kama karani anayesoma daftari la ghala. Dereva wetu wa lori alicheka kwa sauti, akaziba mdomo, akamtazama mwalimu. Mwalimu naye alikuwa akicheka.

Tulijiuliza sana kicheko kile kilitoka wapi. Mattie hafanyi mzaha hata mara moja. Hajui kwamba anachekesha. Anaamini Biblia, kanisa lake la Kipresibiteri, hesabu, na wakili wa familia, Bwana Daggett, ambaye humtishia naye kila mtu anayemkabili. Sote tunamjua mtu wa namna hiyo. Kila mtaa unaye mmoja ambaye hata kuku wa jirani akivuka ua atamtaja mwanasheria. Basi kichekesho kiko katika uzito wake. Kadiri anavyosema kwa adabu na kwa ukamilifu, bila kufupisha neno, ndivyo walevi na majambazi waliomzunguka wanavyoonekana uchi.

Hapa inatupasa kueleza habari moja ya mwandishi, kwa kuwa inatuhusu sisi walimu kuliko watu wengine. Portis, aliyezaliwa Arkansas mwaka 1933 na kufariki mwaka 2020, alikuwa mwanajeshi huko Korea, kisha mwandishi wa magazeti hata akaongoza ofisi ya gazeti lake mjini London. Lakini alipokuwa bado mwanafunzi wa chuo alipata kazi katika gazeti dogo la nyumbani. Kina mama wa vijijini walikuwa wakileta habari za vijiji vyao, zimeandikwa kwa mkono: nani amemtembelea nani, nani mgonjwa, ng'ombe wa nani amepotea. Kazi ya kijana yule ilikuwa kuzisahihisha. Baadaye alikiri kwamba alichokuwa akikifanya hasa ni kuzitoa uhai. Wanaoielewa riwaya yake husema kwamba sauti ya Mattie imetoka katika barua zile. Tuliposoma habari hiyo tulizitazama kalamu zetu nyekundu kwa muda, kisha tukaendelea kuzitumia.

Mwanzoni tulikosea katika kutafsiri. Kwa kuwa watu wa riwaya ni watu wa porini, tulidhani lugha yao yote iwe ya mitaani. Tukampa Mattie Kiswahili cha sokoni. Hakuna aliyecheka. Alikuwa mtoto mjeuri tu, na watoto wajeuri hatuna uhaba nao. Ndipo fundi cherahani, mtu mkimya, akauliza: "Mwalimu, kwa nini huyu msichana asiseme kama sisi tunavyosema humu darasani?" Alikuwa na haki. Mtu aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu, akienda sokoni na kusema "ningependa kufahamu bei ya mchele huu iwapo nitanunua kilo tano," wauzaji hugeuka kumtazama. Humcheka, lakini pia humpunguzia bei, kwa kutojua ni nani. Wanafunzi wetu wote wamekwisha kutendewa hivyo Kwa Siyoni. Tangu siku hiyo Mattie anasema Kiswahili sanifu kisichokosa hata kiambishi kimoja, na Rooster tumemwachia "iko" yake.

Onyesho lililofaidika zaidi ni lile la farasi. Frank Ross alikuwa amewanunua farasi wale kwa mfanyabiashara Stonehill, na farasi wake mwenyewe wa kupanda aliibiwa kutoka zizi la Stonehill huyo huyo. Mattie anamwendea. Anataka farasi wadogo warudishwe na fedha zao zirejeshwe, tena alipwe na aliyeibiwa. Stonehill, ambaye anatetemeka kwa malaria (darasa zima liliguna kwa huruma lilipolisikia neno hilo), anacheka, kisha anakasirika, kisha anachoka, na mwishowe anatoa zaidi ya dola 300. Binti hapandishi sauti. Yeye hurudia tu, akataja wakili, akataja sheria, akadai karatasi ya kutiwa sahihi. Tuliligawa onyesho hilo kwa watu wawili wawili wakaigiza. Alasiri ile walitumia masharti ya "-nge-" na "-ngali-" kuliko miaka miwili iliyotangulia.

Tuliigiza pia mahakama. Katika Fort Smith ya kweli alikuwapo Hakimu Isaac Parker, aliyefika mwaka 1875 na kukaa kitini miaka 21. Aliwahukumu watu 160 kifo, na 79 wakanyongwa. Ndani ya riwaya, Rooster anahojiwa na wakili wa mshtakiwa juu ya idadi ya watu aliowapiga risasi. Yeye anauliza kwanza kama wakili anakusudia waliopigwa au waliokufa. Anataja idadi, wakili anamkumbusha, idadi inaongezeka, hata inafika 23 katika miaka minne. Karani wetu aliicheza nafasi ya Rooster akiwa ameketi nusu usingizi, na darasa likaangua kicheko. Tuliuliza mara moja, wakingali wanacheka: idadi hiyo ni ya watu wangapi wenye watoto? Ilikuwa swali la kiualimu, tunakiri, na halikupendwa.

Mwanafunzi mmoja alitaka kujua kama watu weusi hawakuwa askari katika nchi ile. Walikuwapo. Bass Reeves, aliyezaliwa utumwani mwaka 1838, alikuwa askari wa mahakama hiyo hiyo ya Parker kwa miaka mingi. Portis hakumtia katika riwaya yake, nasi tulisikitika kidogo.

Kilichotusumbua zaidi ya yote ni neno moja. Waamerika wana neno kwa ile nchi iliyo mbele ya makazi yao, isiyokuwa yao bado, ambayo walikuwa wakiiendea kwa karne nzima. Kamusi hutupa "mpaka." Lakini mpaka ni mstari, mtu huuvuka akawa amekwisha uvuka. Nchi ile ya Mattie haivukwi, mtu huingia ndani yake kwa majuma na hajui atatokea wapi. Tulijaribu "pori," tukajaribu "nyika." Halafu mmoja wetu akakumbuka jinsi wazee wa pwani walivyosema, na neno likawa mezani: bara. Mtu alikwenda bara. Alikopa mali Unguja, akakusanya wapagazi, akaaga, na asiporudi walisema amepotea bara. Hapo ndipo tulipomkumbuka yule ambaye hatukupaswa kumsahau, nasi tunajidai kuwa walimu wa fasihi.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliandika maisha yake kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayageuza katika hati za Kirumi na kuyachapisha mwaka 1902 na 1903, na W. H. Whiteley akayatoa upya pamoja na Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Tulikitafuta kitabu hicho, tukakisoma bega kwa bega na kile cha Portis, na ndugu msomaji, ile sauti ya daftari la ghala ilikuwamo. Anasimulia vita alivyompiga Nsama wa Itabwa mwaka 1867, na mara tu maiti zinapokoma kuhesabiwa pembe za ndovu zinaanza kuhesabiwa, kwa frasila. Jina lake analieleza kuwa ni mlio wa bunduki zake masikioni mwa waliokimbia. Anasimulia jinsi alivyomshawishi mtemi mzee Kasongo Rushie kwamba wao ni ndugu, kwa kuwa bibi yake yeye Hamed alikuwa dada wa mtemi, aliyetekwa zamani. Mzee akaamini, akampa utawala. Anayesimulia hapepesi jicho. Tena Stanley alipofika kwake mwaka 1876 na kumwonyesha bunduki inayotoa risasi nyingi kwa mfululizo, mwenyeji alimjibu kwamba huko mtoni kuna upinde unaotupa mishale ishirini kwa mara moja. Stanley akatoka nje akapiga risasi kumwonyesha. Rooster Cogburn na Tippu Tip wangeelewana usiku mmoja, wakachukiana asubuhi.

Kwa ajili ya sentensi, basi, tulikuwa tumepata mwalimu. Tulijifunza kwake kuweka kitendo baada ya kitendo kwa "-ka-", bila kivumishi, bila masikitiko. Lakini darasa letu liko Bujumbura, wala si Unguja. Kusini ya mji, pale Mugere, kuna jiwe lililoandikwa majina ya Livingstone na Stanley, waliolala hapo Novemba 1871. Watoto wa shule hupelekwa kulitazama. Katika miaka ya 1880 Rumaliza wa Ujiji, mshirika wa Tippu Tip, alijaribu kuingia nchi hii kwa bunduki, na Mwezi Gisabo akamzuia. Katika kitabu cha bara, kwa hiyo, sisi ndio bara. Sisi ndio waliokuwa nyuma ya miti, wale ambao katika hadithi hutajwa kwa jumla, kwa idadi, kisha kikapita kifungu. Tulipolisema hilo darasani, mwanafunzi mmoja mwanamke, ambaye hupenda kuketi karibu na dirisha, aliuliza ile nchi anakotorokea Chaney ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya Wachoctaw, waliohamishwa kutoka Mississippi kwa mkataba wa mwaka 1830. Walikuwa na askari wao na mahakama zao, lakini mahakama hizo hazikuruhusiwa kumhukumu mzungu. Ndiyo maana wauaji walikimbilia kwao, na ndiyo maana Parker aliletwa. Katika riwaya askari mmoja wa Kichoctaw anatokea, anasema kidogo kwa ubaridi, anaondoka. Yule mwanafunzi alisema kwamba angependa kusoma kitabu cha huyo.

Sasa tufikie jambo ambalo halikuwa rahisi. Mwalimu mwenzetu, aliyetutangulia kazini kwa miaka mingi, alisikia habari za darasa akaja kuketi nyuma. Baada ya kipindi alituita kando. "Wadogo zangu," alisema, "mtoto anayeondoka kumtafuta muuaji wa baba yake tunamjua. Hatukuhitaji kumwagiza Marekani."

Hatukuwa na jibu siku hiyo. Gasenyi iko jirani na Kamenge. Mtu wa rika letu hahitaji kuelezwa mwaka 1993 ulikuwa nini katika mitaa ya kaskazini, wala miaka iliyofuata, hata ulipotiwa sahihi Mkataba wa Arusha mwezi Agosti mwaka 2000, wala baada yake. Tena yako ya 1972, ambayo wazee huyataja kwa kunyamaza. Katika nchi kama hii kufundisha kisasi, na kukifundisha kwa kuchekesha, si jambo la kujitetea kwa kusema kwamba ni fasihi. Tulijitetea kwa namna nyingine. Tulisema kwamba Mattie hataki kumuua Chaney porini. Anataka apelekwe Fort Smith, asomewe shtaka, ahukumiwe. LaBoeuf angempeleka Texas, ambako angenyongwa kwa sababu ya seneta aliyemuua kule, na zawadi ikalipwa. Kwa mtu aliyekufa, kifo ni kifo. Mattie anakataa. Yeye anadai kwamba jina litakalosomwa katika shtaka liwe Frank Ross. Na kitabu hakimpi bure: anafika mwisho bila mkono mmoja, na miaka 25 baadaye anapomfuatilia Rooster, anakuta amekwisha kufa, naye anachukua maiti kwenda kuizika katika makaburi ya kwao. Mzee wetu alisikiliza kwa upole. "Mahakama," alisema, "ilikuwapo Fort Smith." Kisha akaaga. Mpaka leo tunaliona jibu lake kuwa zito kuliko letu.

Tungeweza kuacha kitabu hapo, na mmoja wetu alitaka tuache. Kilichotuzuia ni yule mama wa karibu na dirisha. Hatutamtaja jina. Ametupa ruhusa kuandika yanayofuata, kwa sharti kwamba tuonyeshe kijiji kisichotambulika, nasi tumeona heri tusionyeshe kijiji chochote.

Yeye hakuwa akicheka. Wengine walipocheka katika ukurasa wa kwanza, aliandika. Walipocheka mahali Rooster anapomsomea panya hati ya mahakama, na panya asipotii anampiga risasi, aliinua macho tu. Alicheka mara moja, na alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge: pale Mattie anapomdai Stonehill stakabadhi. Neno lenyewe lilikuwa jipya kwake. Alikuwa akijua "risiti." Alitaka alirudie, sta-ka-ba-dhi, akalirudia mara nyingi kama mtu anayeonja.

Juma lililofuata tulikuwa tumetoa zoezi la insha: eleza safari ya mtu mmoja wa nyumbani kwenu. Aliandika ukurasa mmoja na nusu. Baba yake aliteremka kutoka kilimani kwa baiskeli kuleta ndizi mjini, mwaka 1993, mwezi wa kumi na mmoja. Hakufika, wala hakurudi. Yeye wakati huo alikuwa na miaka 13. Insha haikuwa na kilio. Iliandika uhai, kisha baiskeli, chapa yake na rangi yake, na kwamba tairi la nyuma lilikuwa jipya. Kisha mikungu mitatu ya ndizi. Kisha kofia. Kisha noti alizokuwa nazo, na kwamba zilikuwa zimefungwa katika leso ya mama. Mwishoni aliandika kwamba walioshika njia ile baadaye wengine walifungwa, kwa mambo mengine, na kwamba jina la baba yake halimo katika karatasi yoyote ambayo amewahi kuionyeshwa. Sentensi ya mwisho ilisema, kwa upatanisho mbaya wa ngeli, kwamba sasa limo katika hii.

Tulikaa na daftari lile jioni nzima. Alikuwa ameandika "baiskeli yake iko mpya tairi." Kwa sheria za kazi yetu kosa hilo halipiti. Mmoja wetu alisema tuliache, kwa sababu ya Portis na wale kina mama wa vijijini. Mwingine alisema kwamba mwanafunzi huyu hakuja kwetu ili ahurumiwe. Alikuja kutafuta Kiswahili kinachoandikwa, na karatasi yenye makosa ni karatasi ambayo karani fulani siku fulani ataicheka. Tulibishana mpaka umeme ukakatika. Asubuhi tulisahihisha ngeli zote, na "iko" pia, tukaandika chini "vizuri," neno ambalo tulilionea haya wakati uleule. Alipolipokea daftari alikagua masahihisho moja moja, akauliza juu ya mawili, kisha akanakili insha yote upya kwa mwandiko safi, wino wa buluu, na kutuomba tutie tarehe.

Limebaki suala la jina la kitabu, ambalo wanafunzi walilidai kwa sababu daftari zao zina jalada na jalada halipendezi tupu. Neno la Kiingereza grit, katika maana yake ya kwanza, ni chembe za mchanga mgumu. Wamarekani wa zama zile walilitumia kwa mtu asiyerudi nyuma. Walisema hata kwamba mtu fulani ana mchanga ndani yake. Kamusi zetu hutoa "ushupavu" na "uthabiti," maneno mazuri ya hotuba. Tuliyaandika ubaoni yakakaa kama wageni waliokuja na suti. Dereva alikumbusha kwamba hata Gasenyi ni mchanga, kutokana na umusenyi wa Kirundi, na kwamba kitabu kingeitwa jina la mtaa, jambo lililowafurahisha wengi kwa muda wa dakika tano. "Changarawe" ilipata kura kadhaa.

Yule mama alikuwa ametulia. Mwishowe alisema: "Mwalimu, huyo mtoto ni changarawe katika mchele." Fundi cherahani aliuliza kama hilo si tusi. Mama akamweleza, kwa Kiswahili ambacho hatukuwa na la kukisahihisha, kwamba mchele hupepetwa, huchaguliwa, huoshwa, hupikwa ukaiva, na watu wakakaa kula wakiwa na furaha na mazungumzo. Halafu mmoja anauma kitu, na wote wananyamaza.

Ndilo jina lililoandikwa juu ya madaftari. Jumamosi ijayo tunafika penye shimo la nyoka, na karani ameomba asiambiwe mapema yatakayompata farasi.